Suuza Kidogo, Suuza Mara Tatu

Mbukwenyi, ndugu zangu! Na wenzetu mliotoka nje ya Ugogo, habari za asubuhi.

Hapa mezani zipo chupa tatu. Zote ni za mvinyo, za mililita 750, na zote zimeoshwa. Ya kwanza ina utando mweupe ndani, utadhani imepakwa chokaa. Ya pili inang'aa, lakini ukiitia maji kidogo na kuitikisa inatoa povu. Ya tatu nayo inang'aa na haina povu, ila ukiinusa unapata harufu ya bwawa la kuogelea. Hakuna chupa chafu hapo. Uchafu ulishatoka zamani. Kilichobaki ni kile kilichoutoa. Na hicho ndicho tulichokuja kukizungumzia: mabaki ya magadi, ya sabuni na ya jiki kwenye chupa na vyombo tunavyotengenezea mvinyo nyumbani.

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo watu wengi huzifanya moja. Kuna kusafisha, yaani kuondoa mashapo, sukari iliyokauka, gundi ya lebo na ukungu. Halafu kuna kuua vijidudu, kazi inayofanywa muda mfupi kabla ya kujaza, juu ya chombo ambacho tayari ni safi. Dawa ya kuua vijidudu haipenyi kwenye uchafu. Na hili wengi hawalijui: dawa ya kusafishia ikibaki kwenye chupa huiua dawa ya kuua vijidudu. Magadi ni alkali. Metabisalfaiti, ile tunayoitia kulinda mvinyo, hufanya kazi kwenye uchachu tu, na kadiri uchachu unavyopungua ndivyo nguvu yake inavyoshuka. Ukiitia kwenye chupa iliyobaki na magadi umetupa hela yako, na utakuja kulaumu zabibu bure.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana bila hesabu hii mengine yote ni mazoea tu.

Chukua chupa, mwaga yaliyomo, ipindue mpaka iache kudondosha. Je, ni tupu? Hapana. Kuta zake bado zimeshika maji. Tuseme ni mililita 3. Kama ulikuwa unaosha kwa magadi ya gramu 15 kwa lita, mililita hizo 3 zina miligramu 45 za magadi. Ukiijaza chupa maji safi mpaka shingoni, mililita 750, ukaimwaga na kuipindua tena, kinachobaki ni sehemu moja kati ya 251 ya magadi yale. Si haba. Lakini jaribu njia nyingine. Tia mililita 150 tu, ziba mdomo kwa kiganja, tikisa mpaka maji yaguse kila ukuta, mwaga, pindua. Kinabaki sehemu moja kati ya 51. Rudia: 51 mara 51 ni 2,601. Rudia mara ya tatu: zaidi ya 132,000. Umetumia mililita 450 badala ya 750, na magadi yaliyobaki yamekuwa machache mara 500 kuliko ya yule aliyejaza chupa nzima.

Kwa chupa 100 unatumia lita 45 badala ya lita 75. Ndoo moja na nusu imebaki nyumbani. Hapa Dodoma hiyo si habari ndogo.

Hesabu hii ina sharti moja, na sharti hilo ndilo linalovunjwa na mtu mwenye haraka: lazima chupa iishe maji kabla ya kutia mengine. Ukiimwaga nusunusu, ukaacha mililita 30 chini, kila mzunguko unapunguza mara 6 tu. Mara tatu ni 216. Yaani umesuuza mara tatu, umechoka mara tatu, na bado umeshindwa na yule aliyejaza mara moja. Kwa hiyo mwage, ipindue kabisa, uhesabu mpaka 10, kisha utie maji mengine. Chupa yenye kitako kilichobonyea ndani hushika maji pembeni mwa kibonye. Izungushe unapomwaga, maji yajikusanye yatoke.

Na beseni je? Wengi wetu tunasuuzia kwenye beseni moja kubwa. Chupa inazamishwa, inatikiswa, inamwagiwa humo humo, kisha inakuja nyingine. Kila chupa inaacha mililita zake 3. Ikifika chupa ya 50, beseni la lita 20 lina mililita 150 za maji ya magadi ndani yake, yaani sehemu moja kati ya 134 hivi. Chupa ya 51 hata ukiizamisha mara kumi haitakuwa safi kuliko maji unayoizamishia. Ukiwa huna bomba, tumia mabeseni matatu kwa mpangilio: la kwanza, la pili, la tatu. La kwanza likichoka limwage, la pili lichukue nafasi yake, la tatu lisogee, na beseni jipya la maji safi likae mwisho. Au, bora zaidi, chota kwa jagi maji ambayo hayajaguswa na chupa yoyote.

Haya yote yanahusu mabaki yanayoyeyuka. Yapo mabaki ambayo ukiyasuuza mpaka Kristo arudi hayatoki, kwa sababu hayayeyuki kwenye maji. Turudi kwenye chupa ya kwanza, ile yenye utando mweupe.

Utando ule ni magadi yaliyokutana na maji magumu. Maji mengi ya visima yana kalsiamu na magnesiamu iliyoyeyuka. Magadi ni kabonati ya sodiamu, yawe yamechimbwa Ziwa Magadi kule Kenya au yametoka kiwandani. Ukiyaweka kwenye maji ya namna hiyo, kabonati inashikana na kalsiamu na kuwa chokaa, kitu kile kile kinachoota ndani ya birika. Chokaa hiyo inatua kwenye kioo, na chupa ikikauka nayo inakauka na kushika. Ukiona utando umepotea chupa ikiwa na maji usifurahi. Kioo chenye maji huuficha. Subiri ikauke.

Wengi wakiuona wanaongeza magadi, au wanasuuza kwa maji ya moto sana. Yote mawili yanazidisha. Magadi zaidi ni kabonati zaidi. Na maji magumu ukiyachemsha yenyewe huangusha chokaa. Kila mwenye birika anajua. Dawa ya chokaa ni asidi. Tunayoipendekeza ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe wanaoutumia watengeneza juisi na jemu. Gramu 15 kwa lita, kijiko kimoja cha mezani hivi, kwenye maji ya vuguvugu. Yasiwe ya kuchemka: chumvi inayozaliwa na kalsiamu na asidi hii haipendi maji ya moto sana, inaweza kujitenga na kukuachia weupe mwingine. Huhitaji kujaza chupa. Tia mililita 100, ilaze chupa, izungushe robo duara kila dakika tano, kwa dakika 20. Kisha mimina maji yale yale kwenye chupa inayofuata kwa kutumia faneli. Lita moja inahudumia chupa nyingi. Ikiacha kuondoa utando, ndipo uitengeneze upya. Halafu zile suuza tatu.

Siki nyeupe ya dukani nayo inafaa, nusu kwa nusu na maji, ingawa harufu yake huchelewa kutoka kwenye mpira na plastiki. Ndimu? Asidi anayo ya kutosha, lakini anakuja na sukari na nyama ya tunda, na sasa una mabaki mapya. Mwacheni abaki kwenye samaki.

Kama baada ya asidi weupe bado upo, mambo ni mawili. Ama dawa uliyotumia ilikuwa na silikati, na silikati iliyokaukia kwenye kioo ni kazi kubwa kuing'oa. Ama kioo chenyewe kimeliwa. Kostiki soda ya moto, ikiachwa muda mrefu, hula kioo. Hapo hakuna cha kuondoa kwa sababu hakuna kilichoongezeka, kilichopo ni kupungua. Chupa hiyo itie mafuta ya taa.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Magadi ya gramu 10 hadi 15 kwa lita yanatosha, kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 60, ya moto kiasi cha mkono kushindwa kuvumilia. Nusu saa kwa mashapo ya kawaida, usiku kucha kwa lebo sugu. Lakini chupa izame yote. Ile iliyoelea nusu nje itakaukia magadi juu ya mstari wa maji, na mstari huo utauona mpaka mwisho wa maisha ya chupa. Ukiitoa kwenye magadi, isuuze hapo hapo, kwa maji ya vuguvugu, kabla ya kuchukua nyingine. Usizipange juani "zingojee". Na kama unavuna maji ya mvua, yahifadhi kwa kazi hii: hayana kalsiamu, hayaachi chokaa. Ndoo mbili za maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa zina thamani kuliko tanki la kisima siku ya kujaza chupa.

Neno moja kuhusu masufuria, kwa sababu mengi ya kwetu ni ya alumini. Magadi huyatia weusi, na kostiki soda huyala kabisa huku ikitoa gesi inayoshika moto. Weusi unaweza kuutoa kwa kuchemsha maji yenye ndimu au ukwaju, lakini juisi ya zabibu yenyewe ni chachu na hula alumini polepole. Alumini ibaki ya ugali. Na kwa wanaotumia kostiki kwa vyombo vilivyoshindikana: vaa glavu na miwani, tia kostiki kwenye maji baridi kidogo kidogo, usimwagie kamwe maji juu ya kostiki. Inachemka yenyewe na kuruka usoni.

Tuje kwenye chupa ya tatu, yenye harufu ya bwawa la kuogelea. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu jiki ndiyo inayoharibu mvinyo mwingi wa nyumbani bila kujulikana.

Jiki ni klorini iliyoyeyushwa. Yenye nguvu ya asilimia 3.5, ukitia mililita 5 kwa lita moja ya maji, inakupa miligramu 175 za klorini kwa lita, na dakika 10 zinatosha kuua vijidudu kwenye kioo safi. Inafanya kazi, ni rahisi, inapatikana kila duka. Shida ni kile kinachofuata. Mililita zetu 3 zilizobaki ukutani zina nusu miligramu ya klorini. Ukijaza mvinyo bila kusuuza, unapata takriban miligramu 0.7 kwa kila lita ya mvinyo. Ulimi hautaionja klorini hiyo. Ila zabibu, hasa ngozi na mbegu zake, zimejaa fenoli, nazo ndizo zinazokaza ulimi kwenye mvinyo mwekundu. Klorini ikikutana na fenoli huzaa klorofenoli, na hiyo harufu yake ni ya plasta ya kidonda, ya wodi ya hospitali. Pua ya binadamu huinusa ikiwa mikrogramu chache tu kwa lita. Haichujiki wala haizeeki ikaisha, na hakuna cha kuongeza kitakachoificha.

Ukisuuza mara moja vizuri, ile 0.7 inakuwa mikrogramu 14 kwa lita. Bado ni kubwa. Mara tatu, inashuka chini ya sehemu ya mia ya mikrogramu moja. Lakini tazama mtego: maji ya bomba nayo yana klorini, na yanatakiwa kuwa nayo, ndiyo inayoyalinda mpaka yakufikie. Kwa hiyo ukisuuza kwa maji ya bomba hutashuka chini ya kile kilichomo kwenye bomba. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyochemshwa dakika 15 bila kifuniko na kupoa yakiwa yamefunikwa. Au tumia metabisalfaiti: gramu moja kwa lita, mililita 50 kwenye chupa, tikisa, mwaga, kisha suuza mara moja kwa maji yaliyochemshwa. Metabisalfaiti huimaliza klorini papo hapo. Ila usiimwagie jiki isiyochanganywa na maji, zitapandishana moto.

Na sasa onyo ambalo ningependa kila mmoja alibebe mpaka nyumbani na kumweleza anayemsaidia kazi, hasa watoto wakubwa. Jiki na asidi havikutani. Mtu ameona harufu ya jiki kwenye chupa, anakumbuka alisikia siki huondoa mabaki, anamimina siki. Kinachotoka ni gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Hali ni hiyo hiyo kwa asidi ya sitriki na kwa ndimu. Jiki pamoja na dawa yoyote ya kusafishia yenye amonia nayo hutoa gesi mbaya. Ukitoka kwenye jiki kwenda kwenye asidi, katikati pawe na suuza tatu kamili, siku zote, na dirisha liwe wazi.

Ipo jiki nzito yenye manukato ya maua au limau. Hiyo haina nafasi kabisa. Imetiwa vitu vya kuifanya nzito na vya kuifanya inukie, na hivyo havitoki kama klorini inavyotoka. Chuma kisichoshika kutu nacho kisilowekwe kwenye jiki. Hutobolewa vitundu vidogo usivyoviona, na humo ndimo vijidudu hujificha. Vizibo vya gome ndiyo usithubutu: klorini na ukungu kwenye gome huzaa kemikali inayonuka kama gunia lililolowa, na kipimo chake ni nanogramu kwa lita. Ndiyo maana maoni yangu ni kwamba jiki itoke kwenye chumba cha mvinyo, hata kwenye sakafu kama kuna pipa la mbao. Chupa za kioo unaweza kuziua vijidudu kwa maji ya nyuzi 80 kwa dakika 20, ukianza na maji ya vuguvugu ili kioo kisipasuke, na maji ya moto hayaachi kitu kama ni ya mvua. Kuni zinagharimu, najua. Mvinyo ulionuka hospitali unagharimu zaidi.

Chupa ya pili, yenye povu, ni ya sabuni. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo imetengenezwa ishike: upande mmoja wa chembe yake hupenda maji, mwingine hupenda mafuta, na tabaka jembamba hung'ang'ania ukutani. Kwenye mvinyo utaisikia kwa mbali kama utelezi na harufu ya limau ambalo hukulitia. Kwa wanaotengeneza bia ni balaa: povu halikai, linaanguka glasi ikiwa bado mkononi. Sabuni ya mche ni mbaya kwa namna nyingine. Kwenye maji magumu inaganda na kuwa utando wa kijivu unaonata, usiotoka kwa maji wala kwa asidi. Asidi huugeuza mafuta tu. Huo unatolewa na magadi ya moto na brashi. Unaona basi kwa nini ni lazima ujue ni mabaki gani kabla ya kuchagua dawa: chokaa inataka asidi, utando wa sabuni unataka alkali, na ukibadilisha unaharibu. Sabuni ya maji itumike nje ya chupa, na kwenye glasi za wageni.

Plastiki ni mnyama mwingine. Kioo hushika mabaki juu ya uso, plastiki huyameza. Ndoo ya lita 20 iliyooshwa kwa sabuni ya manukato itayarudisha manukato hayo taratibu kwenye mvinyo, kwa sababu alkoholi huyavuta vizuri kuliko maji. Jaza ndoo maji, funika, iache saa 24 mahali penye joto, fungua, nusa mara moja. Kama harufu ipo, iloweke kwa magadi ya kupikia gramu 50 kwa lita usiku kucha, suuza, rudia jaribio. Ikibaki baada ya mara mbili, ndoo hiyo ni ya kuchotea maji. Na usisugue plastiki kwa stili waya. Kila mkwaruzo ni mfereji unaoficha dawa na vijidudu pamoja. Kitambaa laini kinatosha.

Mpira wa kunyonyea mvinyo husahauliwa kwa sababu hauonekani ndani. Wa urefu wa mita moja na nusu wenye uwazi wa milimita 8 unabeba mililita 75, na hizo mililita 75 za mwanzo za dawa ndizo zitakazoingia kwenye chupa yako ya kwanza. Pitisha lita moja nzima ya maji, inua ncha moja, yote yashuke, kisha uuning'inize wima ukiwa umenyooka. Ukiukunja duara, maji ya dawa yanakaa kwenye tumbo la duara. Koki ya ndoo ifunguliwe, washa yake itolewe, kila kipande kisuuzwe peke yake. Nyuma ya washa ndipo magadi na sukari hufanya makazi. Kifuniko chenye mpira wa kuzuia hewa ni vivyo hivyo.

Metabisalfaiti yenyewe nayo ni mabaki ikizidi. Mchanganyiko wa kuua vijidudu wa gramu 10 za metabisalfaiti ya potasiamu na gramu 10 za asidi ya sitriki kwa lita ni mzuri, lakini mililita 3 zake zinaacha takriban miligramu 23 za salfa dioksidi, ile gesi inayotolewa na metabisalfaiti, kwa lita ya mvinyo, juu ya ile uliyokwisha kuitia. Suuza moja kwa maji yaliyochemshwa inaishusha chini ya nusu miligramu. Mwenye pumu asiufungue mchanganyiko huu ndani ya chumba kilichofungwa.

Utajuaje kwamba chupa imetakata? Kwa sabuni, tia mililita 50 za maji ya mvua, tikisa kwa sekunde 10, weka mezani: povu likikaa zaidi ya sekunde chache, rudia. Kwa jiki, tia maji ya vuguvugu, ziba nusu saa, nusa. Kwa chokaa, dondosha siki kwenye utando na usikilize. Ikichemka ni chokaa. Kwa magadi, kipimo mnacho jikoni: rozela. Chemsha gramu 5 za rozela kavu kwenye robo lita ya maji, chuja, kisha punguza kwa maji mpaka iwe ya waridi hafifu. Usipoipunguza itakuwa chachu mno, itameza alkali kidogo bila kubadilika. Chukua glasi mbili. Kwenye moja tia maji uliyosuuzia yaliyotoka kwenye chupa, kwenye nyingine maji yale yale kabla hayajaingia kwenye chupa. Dondosha rozela sawa kwenye zote. Rangi zikilingana, magadi yameisha. Ya chupa ikielekea zambarau, buluu au kijani, bado yapo. Glasi ya pili usiiache, maana maji ya kisima yenyewe yanaweza kuwa na alkali kidogo na yakakudanganya. Karatasi za kupimia uchachu zinafanya kazi hiyo hiyo, kwa masharti hayo hayo.

Kwa wenzetu wa mbege na pombe nyingine za asili: kibuyu na chombo cha mti havioshwi kwa chochote kati ya hivi tulivyovitaja. Vimejaa vinyweleo, vitakunywa jiki leo na kuitapika mwezi ujao. Maji ya moto, brashi, jua. Basi.

Pindueni chupa zilizosuuzwa kwenye kreti safi, midomo isiguse sakafu, na zijazwe siku hiyo hiyo. Zikikaa zaidi ya siku moja, suuza ya mwisho na dawa ya kuua vijidudu zirudiwe, magadi hayatarudiwa.

Mwisho, maji yaliyotumika. Ya magadi msiyamwage kwenye mizabibu wala bustanini. Sodiamu hukaza udongo, na udongo wenye chumvi hauhitaji nyingine. Ya jiki vilevile hapana. Ya asidi ya sitriki yaliyokwisha nguvu changanyeni na ya magadi kwenye ndoo moja, polepole kwa sababu yatachemka na kupanda, yakitulia yamwageni kwenye shimo la maji taka. Ya jiki yawe na ndoo yake, mbali na hiyo. Maji ya suuza ya tatu ni safi kiasi cha kuanzia suuza ya kwanza ya kundi linalofuata, kwa hiyo hayo msiyamwage kabisa.